Pindo la inchi tatu: namna ya kuamua kazi ipi umpe mtu wa nje

Nashona sare za shule hapa Isevya, Tabora mjini, tangu mwaka 2003. Nina cherehani nne, mafundi wawili ninaowalipa kwa mwezi, meza moja ndefu ya kukatia na mkasi ambao simwazimi mtu. Vijana na kina mama wanaoanza biashara hupita kwangu kuuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Niongeze fundi au nitoe kazi nje? Hesabu nifanye mwenyewe au nimlipe mtu? Naandika ninavyoamua mimi, na naanza na sketi, maana nilichojifunza kimetoka kwenye sketi.

Januari 2016 ndipo elimu bila malipo ilipoanza. Ada iliondoka, lakini sare ilibaki juu ya mzazi, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wengi kuliko miaka yote niliyokuwa nimeshona. Desemba iliyotangulia nilikuwa na oda ambazo mikono yetu isingezimaliza. Nikaamua kutoa kazi ya kukata. Nikampata fundi mzuri, mwepesi, mkono wake haukosei mstari. Tukapatana bei kwa kipande, na mimi kwa kutaka kubana gharama nikamwahidi nyongeza kwa kila sketi itakayozidi hesabu ya jora. Kwa hesabu yangu jora lile lilitoa sketi sitini za watoto wadogo. Akanitolea sitini na tano. Majora mawili, sketi mia moja na thelathini. Nikamlipa nyongeza yake kwa furaha, tukashona, tukauza, nikashukuru Mungu.

Januari 2017 akaja mama mmoja wa Ng'ambo na sketi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nimekuja unishushie pindo, mtoto amerefuka. Nimelifumua mwenyewe nyumbani, sikuliona."

Mzazi wa Tabora hanunui sketi ya mwaka mmoja. Ananunua sketi ya miaka miwili, na mwaka wa pili unakaa ndani ya pindo. Kwangu pindo ni inchi tatu, na watu hupita mafundi wengine njiani kuja kwangu kwa sababu hiyo. Nilipoipima ile sketi nikakuta inchi moja. Sketi tano za ziada kwa kila jora zilitoka hapo, kwenye inchi mbili mbili za kila mtoto. Zilirudi sketi arobaini na moja. Zote nikaziunga ukanda wa kitambaa chini kwa gharama yangu, zikawa na mshono unaoonekana, na wapo waliokataa mshono huo wakaondoka bila kurudi tena.

Yule fundi simlaumu. Alifanya kile nilichomlipa afanye. Mimi ndiye niliyetoa nje kazi ambayo kosa lake lingejificha mwaka mzima, kisha nikaweka zawadi juu ya kosa lenyewe.

Tangu siku ile, kabla sijauliza bei, najiuliza: kazi hii ikiharibika, kosa litaonekana lini, na ni nani ataliona kwanza? Kama nitaliona mimi siku ya kupokea mzigo, kazi inaweza kutoka. Kama ataliona mteja baada ya miezi, kazi inabaki mezani kwangu hata kama huko nje ni nusu ya bei.

Chukua kalamu uandike kazi zako zote, hata zile unazoziona si kazi. Mimi nilipoziandika mara ya kwanza zilinishangaza: kupima watoto, kununua vitambaa, kukata, kushona, kutoboa matundu ya vifungo, kufunga vifungo, kudarizi nembo, kufuma sweta, kupiga pasi, kupeleka mzigo shuleni, kujibu simu, kuandika daftari la mauzo, makadirio ya kodi, kufagia. Kaa nazo wiki moja ya kweli, uandike kila moja imekula saa ngapi. Usikadirie kwa kichwa. Mimi ningeapa kwamba simu zinanichukua nusu saa kwa siku. Daftari likasema karibu saa mbili.

Kisha kila kazi iulize lile swali. Tundu la kifungo likiwa limechanika naliona hapo hapo nikilivuta kwa kidole. Nembo ikiwa na herufi iliyokosewa naiona. Mzigo usipofika, mwalimu atanipigia kabla ya saa sita. Kazi hizo zinatoka. Vipimo, hapana. Mtoto akipimwa vibaya utajua siku anavaa, mbele ya mama yake. Ununuzi wa vitambaa, hapana pia, kwa sababu tetroni nyepesi na tetroni nzito ukizikunjua dukani zinafanana, na tofauti yake huijua baada ya kufuliwa mara kumi. Nakwenda mwenyewe, nashika kitambaa kwa vidole, nakikunja na kukiachia nione kinakumbuka mkunjo au la.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya pesa. Wengi hukosea hapa kwa sababu wanalinganisha bei ya mtu wa nje na mshahara wa fundi wao, wakati fundi wa mwezi mshahara wake unalipwa kazi ikitoka au isitoke. Cha kulinganisha ni bei ya nje na kile ambacho fundi wako angezalisha kwa muda uliomwachia.

Nikupe hesabu yangu ya matundu ya vifungo, kwa bei zangu, weka zako. Shati moja kwetu lilikuwa likila dakika kumi na mbili za matundu na vifungo. Oda ya mashati mia mbili ni dakika 2,400, yaani saa arobaini, siku tano za kazi za fundi mmoja. Kushona shati moja bila matundu ni kama saa moja na robo. Kwa hiyo katika saa hizo arobaini angeshona mashati thelathini na mawili zaidi. Shati nauza 11,000, kitambaa na uzi na vifungo vinakula 6,000, zinabaki 5,000. Mara thelathini na mbili ni 160,000. Mwenye mashine ya matundu ananitoza 400 kwa shati, vifungo akiwa amevifunga. Mashati 232 yote ni 92,800. Boda kwenda na kurudi mara nne, 16,000. Inabaki 51,200, nami natumia karibu saa nne kukagua shati moja moja. Januari nalipa bila kusita.

Mwezi Mei hesabu hiyo hiyo inageuka. Oda ni chache, mafundi wangu wamekaa wanasubiri kazi, na zile saa arobaini hazina shati lolote la kuzijaza. Nikitoa matundu nje Mei, 80,000 nzima ya mashati mia mbili imetoka mfukoni na hakuna kilichoingia. Kwa hiyo Mei matundu tunatoboa wenyewe. Kazi moja, karakana moja, majibu mawili. Mtu akikuambia kazi fulani daima itolewe nje, muulize anazungumzia mwezi gani. Wenye mashine za kukoboa mpunga, wauza asali wanaofungasha, wenye migahawa karibu na stesheni, wote wana Januari yao na Mei yao. Itafute yako kwenye daftari la mauzo la mwaka jana kabla hujaamua.

Nembo ni habari nyingine, kwa sababu hapo kuna mashine ambayo mimi sina. Napeleka Mwanza kwa basi, wananidarizia kwa 1,000 kila moja, zinarudi na basi. Kwa mwaka hufika kama mia tisa, sawa na 900,000. Niliwahi kupewa bei ya mashine ya kudarizi, milioni tisa. Hata kama ingefanya kazi bila uzi, bila umeme na bila mtu wa kuiendesha, ingenichukua miaka kumi kurudisha pesa. Nikaacha. Lakini nilifanya kosa lingine kwenye nembo, na hili naomba ulisome vizuri kama unatoa kazi ya aina yoyote inayotengenezwa kwa kompyuta: nembo, lebo, ukurasa wa mtandaoni, chochote. Mdarizi huandaa kwanza faili la nembo ambalo mashine inalisoma. Mwaka wa kwanza nililipia maandalizi ya mafaili sita bila kudai niyapate. Nilipotaka kuhamia kwa mdarizi mwingine aliye karibu zaidi nikaambiwa mafaili ni mali ya ofisi. Nikalipia upya yote sita. Siku hizi kwenye makubaliano naandika kabisa kwamba faili nililolilipia ni langu na nakabidhiwa kwenye flashi pamoja na mzigo wa kwanza. Na kwa kuwa nembo yenyewe ni ya shule, simpi mdarizi yeyote bila barua ya mkuu wa shule mkononi.

Sweta nanunua zimefumwa tayari. Asubuhi za Juni na Julai hapa kuna baridi, zinauzika, lakini kufuma si ufundi wangu na sijawahi kutamani. Mizigo anapeleka boda. Kufagia anafagia yeyote aliyewahi kufika.

Hesabu na kodi zinahitaji maneno zaidi. Namlipa kijana aliyesomea uhasibu, anakuja mara moja kwa mwezi kupanga karatasi na kunisaidia makadirio ya TRA, mamlaka ya mapato, ambayo kwa mtu kama mimi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hiyo ni kazi nzuri ya kutoa nje, kwa kuwa yeye anajua kanuni zikibadilika na mimi sijui. Vitu vitatu sijampa na sitampa. Cha kwanza, daftari la kila siku: mauzo naandika mwenyewe jioni kabla ya kufunga mlango, kwa sababu mtu anayekuja mara moja kwa mwezi hawezi kukumbuka kilichouzwa Jumanne. Cha pili, nywila ya akaunti yangu ya kodi. Cha tatu, pesa yenyewe. Anatoa namba ya malipo, nalipa kwa simu yangu, ujumbe unabaki kwangu. Zamani nilimpa mtu mwingine fedha taslimu akanilipie. Risiti sikuiona hadi leo, na deni lilinifuata mimi, kwa kuwa jina kwenye TIN, ile namba ya mlipa kodi, ni langu. Unaweza kumpa mtu kazi ya kodi, ila huwezi kumpa wajibu wake.

Simu na ujumbe nilijaribu kumpa mpwa wangu, anajua kupiga picha na kuziweka mtandaoni. Picha nikamwachia, anafanya vizuri kuliko mimi. Kujibu wateja nikarudisha. Mzazi akiuliza bei, swali lake la pili ni kuhusu kimo cha mtoto, na hapo sare imeshaanza kupimwa. Isitoshe namba za wazazi na vipimo vya watoto wao ni amana. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, mama aliyeniambia kiuno cha binti yake hakuniambia nimpe kijana wa mtandaoni.

Sasa swali ambalo huulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini: si bora kumpa mtu kazi kwa kipande milele, kuliko kumwajiri na kuingia mambo ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na likizo? Nakuelewa. Ukimwajiri mtu, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake kwa kawaida inatoka kwako. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mama akijifungua ana siku 84, au 100 kama ni mapacha. Kwa karakana ya cherehani nne ni mzigo unaoonekana. Lakini usijidanganye kwa jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina viashiria vya kumtambua mwajiriwa, na kimoja tu kikiwepo, mtu huyo anahesabiwa ni mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe kwamba siye. Unapanga saa zake, unampa vitendea kazi, anakutegemea wewe peke yako kwa kipato, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku sita tu za kazi. Kama fundi wako "wa nje" anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye cherehani yako na anakuomba ruhusa ya kwenda msibani, huyo ni wako. Mwandikie mkataba. Mafundi wangu wawili walianza kwa kipande. Nilipoona mmoja amemaliza mwaka hana mteja mwingine zaidi yangu, nikaona aibu kuendelea kumwita mtu wa nje.

Wa nje wa kweli ana mlango wake, mashine yake na wateja wengine. Huyo ndiye unayeweza kupatana naye kazi, na mapatano yenyewe yaandikwe hata kama ni shemeji yako. Karatasi yangu ni ukurasa mmoja: idadi, bei kwa kipande, siku ya kurudisha, nani analipia kitambaa kikiharibika, na mabaki ya kitambaa ni ya nani. Hilo la mabaki watu hulipuuza. Fundi anayebaki na vipande ana sababu ya kukata kwa namna fulani, na wewe unayedai vipande una sababu ya kumtazama kwa namna fulani. Malizeni mapema. Kwangu mabaki yote yanarudi, na simpi mtu nyongeza kwa kubana kitambaa. Nyongeza natoa kwa mzigo uliorudi bila kipande cha kurekebisha.

Pamoja na karatasi natoa sampuli. Nashona mavazi mawili kamili yanayofanana, tunayakagua wote wawili, kila moja tunalifunga lebo yenye sahihi zetu. Moja linabaki kwake, moja kwangu. Siku ya kupokea hatubishani kwa maneno, tunaweka shati juu ya shati. Malipo ni theluthi mwanzoni na iliyobaki baada ya kuhesabu, na nahesabu mbele yake, hata jua liwe limezama. Mzigo ukishapita mlangoni bila kuhesabiwa ni wako na makosa yake.

Mtu mpya usimjaribu msimu wa kazi nyingi. Mimi hujaribu Agosti na Septemba, vipande kumi tu. Nikiridhika, ishirini. Kufika embe zinapoiva, Novemba hivi, najua nani wa kumpa mia. Na kwa kila kazi inayotoka nataka majina mawili. Mwenye mashine ya matundu aliugua Januari moja, mashati yakakaa kwake siku nne huku wazazi wamekaa kwenye benchi langu. Wa pili anaweza kuwa ghali kidogo. Mpe kazi ndogo mara kwa mara ili akujue.

Kuna jambo ambalo bado naliamua. Nina miaka hamsini na minne, na kusimama kwenye meza ya kukatia saa sita kwa siku mgongo wangu haukubali tena. Kazi niliyoapa kutoitoa ndiyo inayoniumiza. Kwa miezi kadhaa niliona hakuna njia, kwa sababu pindo likikatwa fupi huwezi kuliona kwa nje sketi ikishashonwa. Kisha nikatambua kwamba nilikuwa nachanganya mambo mawili: kosa lipo wapi, na linaonekana lini. La kwanza siwezi kulibadilisha. La pili naweza.

Nimekata kadibodi yenye upana wa inchi tatu kamili, nimeipiga lakiri ukingoni isilike. Kila sketi itakayokatwa nje itarudi kabla ya kushonwa, ikiwa na mkato mdogo wa mkasi pembeni, pale pindo linapoanzia. Naweka kadibodi kati ya mkato na ukingo wa chini. Kisha natandaza juu ya sketi ya sampuli, maana mkato unaweza kusogezwa, urefu wote hauwezi. Nimejipima kwa saa ya ukutani: sketi kumi na mbili kwa dakika tano. Septemba hii nampa mama mmoja wa Kiloleni sketi kumi akate. Kadibodi ya pili nimeshamkatia, nitampelekea pamoja na jora.